Simu ya mezani isiyo na waya: laini inavuma, ghorofani inakatika, mkono wa tatu haujisajili

Mbuyu77

Wadau habari zenu. Naombeni mwongozo wa kufunga simu ya mezani isiyo na waya. Seti ni ya DECT, yaani mfumo wa simu za nyumbani zisizo na waya: kituo kimoja kinachochomekwa kwenye laini, mikono miwili ya kuongelea na kitako kimoja cha ziada cha kuchajia. Ilikaa kwenye boksi muda mrefu kabla ya kufunguliwa. Kuna pia mkono wa tatu wa kampuni nyingine ulionunuliwa peke yake, boksi lake limeandikwa DECT 6.0.

Nyumba ina ghorofa moja, kuta za tofali, na sakafu ya juu ni zege lenye nondo. Laini ni ya waya wa shaba na intaneti ya ADSL inapita humo humo. Kituo kiko sebuleni nyuma ya TV, kimegusana na ruta, kwa sababu soketi ya simu iko pale.

Hali ilivyo sasa: kwenye maongezi kuna mvumo wa shshsh usiokoma, na simu ikiita intaneti inakatika. Chumba cha mwisho ghorofani sauti inamegekamegeka kisha inapotea. Mkono mmoja unaonyesha chaji imejaa, lakini ukiongea dakika tatu au nne unazimika. Namba ya mpigaji haionekani kwenye mkono wowote. Mkono wa tatu nikiusajili unatafuta kituo mpaka unachoka.

Nianze na lipi? Na kwa kuwa faiba inakuja, kituo hiki kitaendelea kufaa au niache kuhangaika nacho?

FundiWaya

Mbuyu77, umetaja mambo matano lakini yanatoka sehemu tatu: waya unaoingia ndani, hewa iliyo kati ya kituo na mkono, na betri. Ukiyashughulikia yote kwa pamoja hutajua kipi kimetibu nini. Anza na waya. Laini ikiwa chafu, hakuna kituo kitakachoisafisha.

Tafuta simu ya kawaida ya waya, hata iwe kuukuu. Chomoa kila kilichomo kwenye laini: kituo, modemu, faksi, kengele ya ulinzi kama ipo. Chomeka ile simu ya waya peke yake kwenye soketi ya kwanza, yaani ile inayopokea waya kutoka nje. Inua, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha sikiliza. Kama mvumo upo hata hapo, tatizo ni la waya wa ukutani au wa nje, na simu yako haina kosa. Kama ni kimya, rudisha modemu tu. Shshsh ikirudi, unakosa filta, kile kidude kinachozuia masafa ya intaneti yasiingie kwenye simu.

Kwa dalili zako naona ni filta moja kwa moja. Sauti ya mtu kwenye simu hupita kati ya hezi 300 na 3,400. ADSL inatumia waya ule ule lakini kuanzia kilohezi 25 hivi hadi megahezi 1.1. Kituo kikiwekwa kwenye laini bila filta, hayo masafa ya juu yanaingia kwenye saketi yake na unayasikia kama shshsh. Upande wa pili, simu inapoita laini hupata umeme wa kubadilikabadilika wa makumi ya volti, na unapopokea hali ya laini inabadilika ghafla. Modemu inapoteza mshiko na kuanza kujiunganisha upya. Hilo ndilo linalokata intaneti yako.

Kila kifaa cha sauti kinachogusa laini kinahitaji filta: kituo, faksi, simu ya waya, kengele. Modemu haipitii filta ya simu, inakwenda kwenye tundu la DSL. Watu huchanganya matundu haya mawili, wakachomeka modemu kwenye tundu la simu, halafu wanalaumu kasi ya intaneti. Ukiweza, weka kigawanyaji kimoja pale laini inapoingia nyumbani, kiitenge sauti na data hapo hapo. Filta moja pale mwanzo inatulia kuliko filta nne zilizotapakaa vyumbani.

Mikono haihitaji filta, wala kile kitako cha ziada. Kitako kile ni chaja tu, hakina laini. Kituo pekee ndicho kinachogusa waya wa simu, ndiyo maana mikono sita bado inahesabika kama simu moja kwenye laini.

Tumia waya mfupi uliokuja kwenye boksi. Plagi zinafanana kwa umbo lakini baadhi ya simu huchukua laini kwenye pini mbili za katikati na nyingine kwenye mbili za pembeni yake. Waya usio wake unaweza kukupa kituo kinachowaka vizuri bila mlio wowote wa laini. Adapta nazo ni hivyo hivyo: ya kituo na ya kitako cha ziada mara nyingi zina volti tofauti. Soma kibandiko, linganisha na kilichoandikwa chini ya kifaa, usiamini ukubwa wa plagi.

Sauti_Safi

Hilo la ghorofani lisikusumbue mkuu. Nunua ripita, iweke kwenye chumba chenye shida, umemaliza.

FundiWaya

Sauti_Safi, samahani ndugu, hapo nakupinga. Ripita haitengenezi mawimbi, inarudia yale inayoyasikia. Ukiiweka kwenye chumba ambacho mawimbi hayafiki, haina cha kurudia. Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo mkono bado unaonyesha mawimbi ya kutosha. Pia lazima isajiliwe kwenye kituo, na kuna miundo ambayo ripita ikiwashwa, usimbaji fiche wa mazungumzo na hali ya kubana umeme vinazimwa. Tena ripita nyingi hubeba maongezi mawili tu kwa wakati mmoja. Ni dawa ya mwisho.

Kosa liko mahali kituo kilipo. Nyuma ya TV kuna bamba la chuma na saketi zinazotoa kelele za umeme, na pembeni kuna ruta. DECT haipo kwenye megahezi 2,400 za Wi-Fi, ipo kati ya 1,880 na 1,900, kwa hiyo hazipigani moja kwa moja. Lakini vyombo viwili vinavyorusha mawimbi vikigusana, kimoja kinaziba masikio ya kingine. Acha angalau mita moja. Na juu yake kuna zege lenye nondo, ambalo kwa mawimbi haya ni kama wavu wa chuma.

Nunua waya mrefu wa simu, mita 10 zinatosha nyumba nyingi, ukahamishie kituo karibu na ngazi. Uwazi wa ngazi ndio dirisha pekee kwenye lile zege, mawimbi yapite hapo badala ya kupigana na nondo. Kiweke juu ya kabati au ukutani, urefu wa kifua au zaidi, mbali na jokofu, kioo kikubwa na tangi la samaki. Maji hunywa mawimbi haya. Kama kina antena ya nje, isimame wima.

Ukishakiweka, piga simu ndani kwa ndani kutoka mkono mmoja hadi mwingine, tembea nao mpaka chumba cha mwisho huku mtu akihesabu kwa sauti upande wa pili. Alama za mawimbi kwenye kioo zinachelewa, sikio halichelewi. Pakikatika, rudi ukisogeze kituo kidogo tu, hata sentimita 20. Wimbi la masafa haya lina urefu wa sentimita 16 hivi, na mahali ambapo mawimbi ya kuruka ukutani yanauana pana upana wa sentimita chache. Watu huhamisha kituo chumba kizima wakati ilitakiwa kukisogeza kiganja kimoja.

Halafu ingia kwenye menyu ya kituo, tafuta hali ya kubana umeme au ya mnururisho mdogo, izime wakati wa majaribio. Inapunguza nguvu ya kurusha, na kwenye nyumba ndogo haina ubaya. Kwenu inakula ule ukingo mdogo uliobaki ghorofani.

chaji_kamili

Niongezee kwenye betri, maana hapo ndipo simu nyingi nzuri hutupwa bure.

Mkono unaoonyesha umejaa kisha unazimika baada ya dakika chache una betri iliyochoka. Chaja inapima volti, na betri iliyochoka inapanda volti haraka ikiwa haina akiba ndani, kwa hiyo alama inasema imejaa. Ukianza kuongea umeme unavutwa, volti zinaporomoka. Seti ilikaa muda mrefu kwenye boksi, na betri hizi zikiisha kabisa zikaachwa hivyo zinaharibika bila kutumika.

Kabla ya kununua, hakikisha. Badilishana betri kati ya mikono miwili. Ugonjwa ukihamia mkono wa pili, ni betri. Ukibaki pale pale, angalia vile vibamba vya chuma vya kuchajia chini ya mkono na kwenye kitako. Chomoa adapta kwanza, vipanguse kwa kitambaa kikavu, na kama vimeshika weusi tumia kifutio cha penseli. Usikwangue kwa kisu. Ile ngozi ya juu ikitoka vinashika kutu upesi.

Mikono mingi inatumia betri mbili za AAA za NiMH, yaani za kuchajiwa, volti 1.2 kila moja. Fungua mfuniko usome. Nunua za aina hiyo hiyo, zote mbili mpya kwa pamoja, uwezo wa mAh 600 hadi 800. Ukiweka mpya moja na ya zamani moja, dhaifu inaishiwa mapema na yenye nguvu inaendelea kuikamua mpaka inaharibika kabisa. Zenye mAh nyingi zaidi hufanya kazi, ila zinachukua saa nyingi zaidi kujaa kwenye kitako kilichoundwa kwa ndogo. Zile zinazotunza chaji zikiwa hazitumiki ni bora kwa simu inayoachwa mezani siku nzima.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usiweke kamwe betri za kawaida za alkali za volti 1.5, zile za rimoti. Zinaingia vizuri, simu inawaka, halafu kitako kinaanza kuzichaji ilhali hazikuumbwa kuchajiwa. Zinavuja, zinakula vibamba, na zinaweza kupasuka.

Chaji ya kwanza ni saa 14 hadi 16 mfululizo bila kunyanyua mkono. Vitako vingi vinachaji polepole, kama sehemu ya kumi ya uwezo wa betri kwa saa, na kiasi fulani kinapotea kama joto. Ndiyo maana saa 10 hazitoshi. Baada ya hapo unaweza kuurudisha mkono kitakoni kila ukimaliza kuongea, betri hizi hazidhuriki kwa hilo. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida. Mkono ukiwa wa moto, utoe.

Mawimbi_1900

Mkono wa tatu: acha kuutafutia dawa, hauwezi kuongea na kituo chako.

Maandishi DECT 6.0 yanawadanganya wengi wakidhani ni toleo la sita, jipya kuliko lao. Ni jina la biashara la DECT iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada, inayofanya kazi kati ya megahezi 1,920 na 1,930. Seti yako, kama ni ya kiwango cha kawaida cha Ulaya kilichowekwa na ETSI (taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano), iko kati ya 1,880 na 1,900. Mkono unatafuta kituo kwenye chumba ambacho kituo hakimo. Hakuna namba ya siri wala menyu ya mtumiaji ya kubadilisha hilo. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi masafa kuanzia 1,920 ni ya simu za mkononi, simu zinarusha hapo kwenda kwenye minara. Kutumia kifaa hicho nje ya mahali pake ni kuingilia mawasiliano ya wengine, na sheria za masafa haziruhusu.

Ukitafuta mkono mwingine, angalia mambo mawili kwenye boksi: masafa 1,880 hadi 1,900, na neno GAP. GAP ni makubaliano yanayoruhusu mkono wa kampuni moja kujisajili kwenye kituo cha kampuni nyingine. Lakini yanahakikisha ya msingi tu: kupiga, kupokea, kukata. Kitabu cha namba cha pamoja, kinasa ujumbe kuendeshwa kutoka mkononi, hata majina ya mikono, hivyo hutegemea kampuni. Ukitaka vyote, nunua wa kampuni ile ile na uone kama muundo wa kituo chako umetajwa.

Kusajili kwenyewe ni hivi. Simama karibu na kituo, betri ikiwa imejaa. Bonyeza na ushikilie kitufe cha kituo cha kutafutia mikono, sekunde 3 hadi 10 kutegemea muundo, mpaka taa ianze kupepesa au kisikike kilio. Ukikibonyeza kwa muda mfupi mikono italia tu. Sasa una kama dakika moja. Kwenye mkono ingia kwenye menyu ya usajili, chagua kituo, andika namba ya siri ya kituo. Ya kiwandani mara nyingi ni 0000. Mkono ukikataa ilhali kila kitu ni sawa, hesabu iliyokwisha kusajiliwa: vituo vingi vya nyumbani hubeba minne hadi sita, na mikono iliyokufa zamani bado imeshikilia nafasi. Ifute kwenye menyu kisha urudie.

Ukimaliza, badilisha hiyo 0000. Kwenye vinasa ujumbe vinavyosikilizwa kwa mbali, namba hiyo ndiyo mlango wa kuzisikiliza jumbe zako kutoka simu yoyote. Na hakikisha usimbaji fiche umewashwa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa maongezi ya DECT yasiyosimbwa yanaweza kunaswa kwa kompyuta ya mkononi yenye kadi ya bei nafuu, na simu nyingi wakati huo zilikuwa hazisimbi kabisa. Kituo kisichoeleza lolote kuhusu usimbaji, usikitumie kusomea mtu namba ya kadi ya benki.

Kuhusu majirani, msihofu. DECT ina njia 10 za masafa, kila moja imekatwa vipande vya muda vinavyobeba maongezi 12, jumla 120. Kituo na mkono hujichagulia penye utulivu na kuhama vyenyewe. Kile kitufe cha kubadilisha chaneli kilikuwa cha simu za zamani.

FundiWaya

Namba ya mpigaji imesahaulika, ngoja niijibu.

Kwanza uliza kampuni yako ya simu kama huduma hiyo imewashwa kwenye laini yako. Isipowashwa, hakuna mpangilio kwenye simu utakaoileta. Pili, usipokee kabla ya mlio wa pili. Kwa mitandao mingi namba hutumwa kwenye ule ukimya kati ya mlio wa kwanza na wa pili, ukinyanyua mapema unaikata. Tatu, kuna njia mbili kuu za kutuma: FSK (data inayosafiri kwa milio) na DTMF (milio ile ile ya kubonyeza tarakimu). Kwenye menyu ya baadhi ya vituo unaweza kuchagua, kwenye vingine unachagua nchi na kituo kinajipanga. Kipimo kizuri: acha saa ya mkono ikiwa na makosa, kisha ujipigie kutoka simu ya mkononi. Saa ikijirekebisha, data ya FSK inafika, maana inabeba tarehe na saa pamoja na namba. Hapo kama namba haionekani, mpigaji ameificha.

Nne, filta. Namba inasafiri kama milio midogo, na shshsh inaivuruga. Usibadilishe chochote hapa kabla hujamaliza filta.

Mbuyu77

Nashukuru sana wadau. Filta imewekwa, shshsh imekwisha na intaneti haikatiki simu ikiita. Namba zimeanza kuonekana zenyewe. Betri: nimebadilishana, ugonjwa umehama, kwa hiyo nanunua mpya. Kituo kimekwenda kwenye ngazi na chumba cha mwisho kinasikika.

Yamebaki mawili. Nikibonyeza kitufe cha R kupokea simu ya pili inayongoja, laini inakatika kabisa. Na lile la faiba.

Mawimbi_1900

R inakata laini kwa muda mfupi sana, na kila mtandao unataka muda wake. Mingi ni milisekunde 100, mingine 270 hadi 300, Marekani ni kama 600. Kituo chako kinakata kwa muda mrefu kuliko unaotarajiwa, mtandao unadhani umeweka simu chini. Menyu ya kituo, mipangilio ya laini, muda wa R. Anza na 100. Kisipotokea kitu, panda hatua kwa hatua.

Ukiwa hapo hapo, angalia aina ya upigaji iwe toni, isiwe mipigo. Itakusaidia faiba ikifika, kwa sababu matundu ya simu kwenye vifaa vya faiba mara nyingi hayaelewi mipigo.

Nuru_ya_Kioo

Kituo chako kitafaa, usikitupe.

Faiba ikifungwa, simu yako haipiti tena kwenye waya wa shaba. Kifaa cha faiba au ruta itakuwa na tundu dogo la simu, mara nyingi lina picha ya simu au neno TEL. Chomoa kituo ukutani, ondoa filta, haina kazi tena, chomeka moja kwa moja hapo. Subiri taa ya simu iwake bila kupepesa, ndipo usikilize mlio wa laini. Kuna ruta zenye DECT ndani yake. Hizo mikono inaweza kujisajili moja kwa moja bila kituo chako, kwa masharti yale yale ya GAP aliyoeleza Mawimbi_1900, na kinasa ujumbe cha kituo ukakikosa.

Kama kampuni inakupa akaunti ya SIP (simu inayopita kwenye intaneti) badala ya tundu, utahitaji kituo cha DECT chenye tundu la mtandao, au adapta ndogo ya kugeuza. Unajaza anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila, na mlango ambao kwa kawaida ni 5060. Tatizo linalorudi kila mara ni kusikika upande mmoja tu: yeye anakusikia, wewe humsikii. Kabla ya yote ingia kwenye ruta uzime kipengele cha SIP ALG. Kimewekwa kusaidia lakini mara nyingi kinaandika anwani vibaya na sauti inapelekwa pasipo mtu. Maongezi kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) yanakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, si mengi, ila kama kuna anayepakia video muda huo, sauti itakatika. Ruta ikiwa na uwezo wa kuipa sauti kipaumbele, uwashe.

Linalosahaulika sana ni umeme. Laini ya shaba ilibeba volti 48 kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ndiyo maana simu ya waya iliendelea kufanya kazi umeme ukikatika nyumbani. Simu isiyo na waya haijawahi kuwa na uwezo huo, kituo kikizimika mikono yote imekufa hata ikiwa na chaji tele. Kwenye faiba hata simu ya waya inazimika, kwa sababu kifaa cha faiba nacho kinataka umeme. Jumlisha wati: kifaa cha faiba na ruta pamoja tuseme 12, kituo 2 au 3. Betri ya volti 12 na Ah 7 ina takribani wati-saa 84. Toa upotevu wa kugeuza umeme, unabaki na kama saa 4 za mzigo wa wati 15. Kama nyumbani kuna mgonjwa au mzee anayetegemea simu ya mezani kuomba msaada, hilo lifanyike siku ile ile faiba inapofungwa, si baadaye. Kengele za ulinzi na faksi zinazopiga kupitia laini nazo zijaribiwe siku hiyo, baadhi hazikubaliani na sauti inayosafiri kama data.

Mbuyu77

Nimeelewa. Je, naweza kurudisha mlio wa laini kutoka tundu la faiba kwenye soketi za ukutani ili simu ya waya chumbani iendelee?

FundiWaya

Inawezekana, ila hatua moja usiiruke. Nyaya za soketi zako bado zimeungana na waya wa shaba wa nje. Zitenganishe kwanza pale laini inapoingia, pande zote mbili za jozi, uzifunge ncha kwa utepe wa kuhami na uweke lebo ili fundi ajaye asiziunganishe tena. Ukichomeka tundu la faiba kwenye nyaya zenye volti 48 za kampuni, utaliunguza, na radi ikipiga waya wa nje itakuja moja kwa moja mpaka kwenye ruta. Pima kwa mita: soketi ikiwa imetengwa inasoma sifuri. Ndipo uchukue waya kutoka TEL uingize kwenye soketi iliyo karibu, na nyingine zote zitaamka. Toa filta zote zilizobaki njiani. Kituo kiache palepale ngazini, waya wake wa mita 10 sasa unaweza kutoka soketi yoyote iliyo hai.